Simu Nayo Ihojiwe Mahakamani

Leo nataka tuzungumzie simu iliyo mfukoni mwako, na siku itakaposimamishwa mahakamani kutoa ushahidi dhidi yako.

Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko, kando ya barabara hii hii yetu ya Mombasa. Alikuwa na mteja wake, Josephat Mwenda, mwendeshaji wa bodaboda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Siku chache baadaye miili yao ilitolewa katika mto Athi, upande wa Ol Donyo Sabuk. Kesi iliendeshwa kwa miaka mingi. Tarehe 22 Julai 2022, Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani washtakiwa wanne, watatu kati yao wakiwa maafisa wa polisi, na kumwachilia huru wa tano. Miongoni mwa ushahidi uliotolewa zilikuwemo rekodi za simu.

Nimeanza na kesi hiyo ili mtu asidhani kwamba napinga ushahidi wa kidijitali. Ushahidi huo ulisaidia familia tatu kupata haki dhidi ya watu waliokuwa na bunduki na vyeo. Lakini ushahidi ule ule, ukipokelewa bila kuhojiwa, unaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Mwaka 2019, serikali ya Denmark iligundua kwamba programu iliyotumiwa kupanga rekodi za simu ilikuwa ikiacha baadhi ya data nje, na kwamba baadhi ya simu zilionyeshwa mahali ambapo hazikuwapo. Waendesha mashtaka walizuiwa kutumia rekodi hizo kwa miezi miwili, kesi zaidi ya 10,000 zikaangaliwa upya, na takriban watu 30 waliokuwa rumande wakaachiliwa. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Ripoti ya simu nayo imeundwa, kwa programu na kwa mikono ya watu, na mkono wa mtu hukosea.

Sasa turudi hapa kwetu. Mtito Andei ni kituo cha katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa. Mabasi husimama abiria wanywe chai, matrela hulala, reli ya zamani na ile ya kisasa zote hupita, na lango la Tsavo Magharibi liko hapa hapa. Tuseme usiku mmoja trela linafunguliwa na mzigo unaibwa. Utingo mmoja anakamatwa na simu yake inachukuliwa. Baada ya miezi kadhaa, wakili wake anakabidhiwa karatasi zenye orodha ya namba, saa na majina ya minara. Karatasi hizo ndizo zinazodai kwamba kijana alikuwapo. Wakili anayeijua kazi yake atauliza nini?

Atauliza kwanza kuhusu mahali. Mnara wa simu, hasa wa mtandao wa kizazi cha pili, unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hata kilomita 35. Katika nchi tambarare kama hii ya Tsavo, ambako minara haisongamani kama ya Nairobi, eneo la mnara mmoja ni pana mno. Isitoshe, simu si lazima ishike mnara ulio karibu zaidi: kilima kikiziba, au mnara ukielemewa na wateja, simu hushika mwingine. Kwa hiyo, rekodi ikisema simu ilishika mnara wa Mtito Andei, haijasema kwamba mwenye simu alisimama kando ya trela. Huenda alikuwa amelala kwao, kilomita nyingi kutoka barabarani, au hata amevuka mto Athi na yuko kaunti ya Kitui. Tena kuna swali la nani aliyeishika simu hiyo usiku ule, maana laini kusajiliwa kwa jina la mtu hakuthibitishi kwamba ni yeye aliyeitumia.

Atauliza pia kuhusu saa. Programu nyingi za kuchambua simu huandika saa za kimataifa, zile za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ujumbe ulioandikwa 20:00 katika ripoti huweza kuwa ulitumwa 23:00 za hapa. Mlinzi akishuhudia kwamba wizi ulitokea saa tano usiku, na mtu akaisoma ile 20:00 kuwa saa mbili usiku, hadithi nzima inavurugika. Katika saa tatu, trela lililoondoka hapa limeshapita Voi. Kosa dogo namna hiyo linaweza kumweka mtu penye uhalifu au kumwondoa, na ni wakili aliyeisoma ripoti mstari kwa mstari atakayelibaini.

Kisha atauliza simu ilipitia mikono ya nani. Ikishachukuliwa, inapaswa kukatwa kutoka mtandaoni, kwa kuwa simu iliyo hewani huendelea kupokea ujumbe, na yaliyomo yanaweza hata kufutwa na mtu aliye mbali. Mtaalamu hunakili data yote, na programu hukokotoa kutoka kwenye nakala hiyo mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi. Ikibadilishwa herufi moja tu ndani ya data, mfululizo hutoka tofauti kabisa. Hivyo ndivyo wakili anavyoweza kuthibitisha kwamba nakala iliyo mbele ya hakimu ni ile ile iliyotolewa kwenye simu siku ile. Kila aliyeipokea simu anapaswa kutia sahihi, tangu ilipochukuliwa hadi ilipofika maabara.

Hayo si maswali ya kusumbua tu. Mei 2025, watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa na polisi, kisha vikarudishwa Julai. Watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, walivichunguza na kusema kwamba programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY iliwekwa katika simu wakati zilipokuwa mikononi mwa polisi. Simu ambayo mtu aliweza kuiingizia kitu kipya ikiwa kizuizini haiwezi kupokelewa mahakamani kwa imani tu.

Mwisho atauliza kuhusu cheti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoitambulisha, kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kwa kifaa gani, na kilichotiwa sahihi na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho au shughuli hiyo. Kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014, kinaitaka mahakama ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na jinsi aliyeianzisha alivyotambuliwa. Picha ya mazungumzo ya WhatsApp iliyochapishwa dukani haijajibu hata moja kati ya hayo.

Sasa, msikilizaji, hapa ndipo penye uchungu wangu. Maswali haya yote yanahitaji vitu vitatu: nakala kamili ya data, muda wa kuisoma, na mtaalamu wa kuieleza. Upande wa mashtaka una maabara ya idara ya upelelezi wa jinai, DCI, kule barabara ya Kiambu. Utingo wetu ana nini? Mara nyingi hana hata nauli ya kwenda Makindu siku ya kesi. Na wakili aliyekabidhiwa karatasi asubuhi ile ile ya kusikizwa atafanya nini zaidi ya kuomba kesi iahirishwe, huku mteja wake akirudi rumande?

Katiba yetu ya 2010 haikuliacha jambo hili. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi, na inamwezesha kuufikia mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Ibara hiyo hiyo inasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe nje ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi. Na mnakumbuka Agosti 2017, Mahakama ya Juu ilipoamuru seva za tume ya uchaguzi, IEBC, zifunguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na kukataa huko kulihesabiwa dhidi yake pale uchaguzi wa rais ulipobatilishwa tarehe 1 Septemba. Kama mgombea urais alistahili kuikagua mitambo iliyotoa ushahidi, mshtakiwa aliye katika hatari ya kufungwa miaka mingi anastahili pia. Haki haina daraja la abiria wa mbele na wa nyuma.

Naomba basi mambo haya yafanyike. Waendesha mashtaka watoe nakala kamili ya kidijitali, si karatasi peke yake, tena mapema. Mahakimu wasikubali kusikiza ushahidi wa simu mpaka upande wa utetezi uwe umeipata nakala hiyo na kuichunguza. Huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, itenge fedha za kuwalipa wataalamu wa kidijitali kwa ajili ya washtakiwa maskini. Nanyi mawakili, jifunzeni kazi hii. Anayesema "sina pingamizi" kila ripoti ya simu inapotolewa amemwacha mteja wake peke yake kizimbani.

Na wewe unayenisikiliza, ukikamatwa una haki ya kunyamaza na haki ya kuzungumza na wakili. Simu yako ikichukuliwa, dai iandikwe: aina yake, namba yake, imechukuliwa na nani na saa ngapi. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018 inamtaka afisa apate kibali cha mahakama kabla ya kupekua yaliyomo, kwa hiyo uliza kibali kiko wapi. Uliza kwa heshima, lakini uliza.