Injini Ndogo na Kazi Yake



Watu hupenda kusimulia injini kubwa za moshi zilizovuta treni za mbali. Leo natuzungumze juu ya ile ndogo, iliyochukua maji katika matangi ubavuni mwake na makaa nyuma ya dereva, pasipo kuvuta gari jingine la akiba. Haikufika mbali, maana maji yake yalikuwa haba. Lakini ilikwenda mbele na nyuma bila kugeuzwa, ikapanga mabehewa stesheni na bandarini.

Mwaka 1872 Bwana William Stroudley wa Uingereza alitoa injini za namna hii, uzito wake tani 28 hivi, zivute treni za abiria mjini London. Zikaundwa 50. Baadaye baadhi yake zilipelekwa katika reli ya kisiwa cha Hayling, ambako daraja la mbao halikustahimili injini nzito. Mojawapo, iitwayo Fenchurch, ya mwaka ule ule 1872, ilikuwa ingali kazini reli hiyo ilipofungwa mwaka 1963.

Ndugu, zile kubwa hazikuruhusiwa kulivuka daraja lile. Basi sisi makarani wa vyeo vya chini tusiionee haya kazi yetu. Tuitimize sawasawa, kisha tuidai heshima yake.