MTU AKIGONJWA, NANI ALIPE?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na wakaaji wa mji



Wengine wenu mmetoka kazi ya usiku na hamjalala bado, kwa hiyo hatutazungusha maneno. Neno la leo ni hili: mtu akigonjwa, nani alipe? Ajilipie mwenyewe? Alipe bosi wake? Ao tulipe wote pamoja katika mfuko mmoja, na serikali iwe mwangalizi wa mfuko huo?

Neno hili si la wakubwa wa Kinshasa peke yao. Tarehe 3 Machi 2023 serikali ilitoa amri yenye nguvu ya sheria juu ya matunzo ya afya kwa wananchi wote. Tarehe 5 Septemba mwaka ule ule mpango wa kuzaa bila malipo ulifunguliwa Kinshasa, kisha ukapelekwa katika majimbo mengine. Umeundwa pia mfuko wa kulipa lopitali, unaoitwa Fonds de Solidarité de Santé. Basi njia imefunguliwa. Mpango ulianzia kwa akina mama na watoto wachanga, nao ni mwanzo mwema. Lakini mtu mwenye kuvunjika mguu, mwenye kifua kikali, mwenye ugonjwa wa sukari, naye anauliza: zamu yangu itafika lini, na nani atalipa?

Wengi wanatuuliza kama hii asiransi ya serikali (bima, ndivyo wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania) ni msaada wa kweli ao ni kodi nyingine tu. Ni ulizo la haki. Tulijibu pamoja.

Kwanza tuangalie mambo yalivyo. Katika lopitali zetu nyingi franka zinatangulia, munganga anafuata. Jamaa wanakimbia usiku kutafuta pesa. Wanauza baiskeli, wanauza cherehani, wanauza hata kiwanja. Tena wote tunajua habari ya mama aliyezaa salama, mtoto ni mzima, lakini hawatoki, kwa sababu hesabu haijalipwa. Kitanda cha kupona kinakuwa kifungo. Tusiwatupie lawama waganga peke yao: lopitali isiyopata kitu kwa serikali inaishi kwa mfuko wa mgonjwa, na mfuko wa mgonjwa ndio mfuko mdogo kuliko yote.

Sasa mfanyakazi wa kompani kubwa atasema: "Hayo hayanihusu. Mimi nina karata ya lopitali ya kompani." Ni kweli. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaagiza bosi amtunze mfanyakazi wake akigonjwa, pamoja na bibi na watoto wake. Haki hiyo tuishike sana, tusiiache hata kidogo.

Lakini tukumbuke historia ya mji wetu. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906 ilijenga lopitali na dispansere kwa watu wake, ikawapa na posho na nyumba. Haikufanya vile kwa huruma. Ilipiga hesabu: kuleta watu wapya kutoka mbali kila mara ni gharama, na mtu mwenye afya anatoa shaba nyingi kuliko mgonjwa. Tarehe 1 Januari 1967 serikali iliikamata kompani ile, ikawa baadaye Gécamines, na desturi ya lopitali ikaendelea. Mtoto alizaliwa kwa kompani, alitibiwa kwa kompani, alisoma kwa kompani. Wazee waliita kompani baba na mama.

Kisha nini kilitokea? Katika miaka ya 1980 shaba ilipita tani 400,000 kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Miaka iliyofuata kazi ilianguka, mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Mtu aliyetibiwa bure miaka 30 alijikuta nje pamoja na jamaa yake. Ndipo tulipojifunza ya kuwa karata ya kompani ni nzuri, lakini inakufa siku kazi inapokufa. Nao ugonjwa hauji siku za kazi tu. Unapenda hasa kuja uzeeni, wakati mtu amekwisha kurudisha kofia na buti.

Tena, ndani ya kiwanda kimoja, angalieni. Yuko mtu aliyeandikwa na kompani yenyewe, na pembeni yake yuko mwenzake aliyekodishwa na kompani ndogo kwa miezi 3. Wanavuta vumbi moja. Haki ya matunzo inayoandikwa katika sheria ni moja, lakini mara nyingi haiwafikii sawasawa. Nao makreseri, wachimbaji wa mikono, hawana bosi wa kumdai. Mama anayeuza bukari sokoni hana bosi. Dereva wa pikipiki, fundi wa viatu, mlinzi wa usiku, hawana mtu. Kama haki ya kutibiwa inapita mlango wa bosi tu, basi sehemu kubwa ya mji inabaki nje ya ukuta.

Sasa tuelewe namna asiransi inavyofanya kazi, kwa sababu mtu asiyeelewa hesabu anadanganywa kwa urahisi. Tuweke mfano. Watu 1,000 wanatoa kila mmoja franka 5,000 kwa mwezi. Mfuko unapata 5,000,000. Mwezi ule watu 20 wanagonjwa sana, kila mmoja anadai matunzo ya franka 200,000. Hayo ni 4,000,000. Mfuko unalipa, na 1,000,000 inabaki kwa kazi ya ofisi na kwa akiba. Wale 980 hawakupoteza pesa yao: walilala usingizi, wakijua ya kuwa zamu yao ikifika watalipiwa.

Lakini tuseme kuingia ni kwa hiari ya kila mtu, na wenye nguvu wanasema, "Mimi sigonjwi." Wanaingia 100 tu, na 15 kati yao wameingia kwa sababu wamekwisha kugonjwa. Mfuko unapata 500,000, matunzo yanadai 3,000,000. Mfuko umekufa mwezi wa kwanza. Hakuna mwizi aliyeingia. Hesabu yenyewe ndiyo iliyouua. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zinaagiza watu wote waingie, wazima na wagonjwa, vijana na wazee. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Watu wa nchi yetu wanajua mambo haya. Kule Bwamanda, kaskazini, mwaka 1986 ilianzishwa asiransi ya lopitali. Watu walitoa mchango mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, pesa ilipokuwa mkononi. Walioingia walienda lopitali zaidi kuliko wasioingia. Walimu nao wana mutueli yao, iliyoanza Kinshasa mwaka 2011. Likelemba na michango ya matanga tunaifanya kila siku. Tofauti ni hii: matanga tunachanga kisha mtu amekwisha kufa. Tunataka kuchanga akiwa mzima.

Sikieni na habari ya wafanyakazi wa mgodi wenzetu. Kule Wales, katika mji wa Tredegar, wachimba makaa walikuwa wakitoa sehemu ndogo ya mshahara katika chama chao cha matunzo, na chama kikalipa waganga wao. Kijana mmoja wa pale, Aneurin Bevan, aliingia mgodini akiwa mdogo. Alipokuwa waziri wa afya wa Uingereza, alipeleka wazo lile kwa nchi nzima, na tarehe 5 Julai 1948 matunzo yakafunguliwa kwa watu wote, yakilipwa zaidi kwa kodi. Waganga wengi walimpinga sana kabla ya siku ile. Basi wazo hili halikuzaliwa katika ofisi za mabwana. Lilizaliwa kwa watu wenye vumbi usoni.

Karibu nasi, Rwanda ilijaribu mutueli mwaka 1999 katika wilaya chache, kisha ikazipeleka nchi nzima. Maskini sana walilipiwa na serikali, wengine walilipa kufuatana na uwezo wao. Ghana iliweka sheria mwaka 2003, na sehemu kubwa ya pesa inatoka katika kodi ndogo inayowekwa juu ya vitu vinavyouzwa, kwa sababu ilionekana ya kuwa mchango wa wakulima na wachuuzi peke yake hautoshi.

Sasa tuwasikilize wanaokataa. Hawa si adui zetu. Wana maneno matatu, na yote yana uzito.

Neno la kwanza: "Pesa ya serikali inaliwa." Hatuwezi kuwaambia ya kuwa si kweli, mmeona wenyewe wazee wanaosubiri pensheni mpaka wanakufa. Lakini mfuko wa mtu binafsi unaweza kuliwa pia, na tena unaweza kumfukuza mgonjwa kwa kusema ugonjwa wake ni ghali. Mfuko wa wananchi tunaweza kuudai hesabu, kama tunaandika haki hiyo tangu mwanzo. Dawa ya mwizi ni kufuli na macho mengi. Kuvunja nyumba si dawa.

Neno la pili: "Tutalipa, kisha lopitali hazina dawa." Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kenya ilifunga mfuko wake wa zamani, uliodumu tangu 1966, na tarehe 1 Oktoba 2024 ikaanza mpya, wenye kukata 2.75 kwa mia ya mshahara. Katika mwanzo huo lopitali nyingi za watu binafsi zililalamika ya kuwa hazijalipwa, na wagonjwa wakateseka mlangoni. Fundisho ni wazi: kukata mshahara ni rahisi, siku moja inatosha. Kulipa lopitali kwa wakati ni kazi ya kila mwezi. Kwa hiyo lopitali zitengenezwe pamoja na mfuko, si kisha.

Neno la tatu: "Kwa nini mimi mwenye mshahara nimlipie asiyelipa?" Ndugu, huyu asiyelipa ni nani? Ni mama yako kijijini. Ni mdogo wako aliyekosa kazi. Tayari unamlipia, ila unamlipia usiku, kwa deni, na bei inawekwa na hofu yako. Tunachosema ni kwamba mzigo huu usibebwe na mshahara wako peke yako.

Ubebwe na nani tena? Ardhi yetu. Sheria ya migodi ya 2018 inadai kompani sehemu ya thamani ya kila tani: 3.5 kwa mia kwa shaba, na 10 kwa mia kwa kobalti. Sehemu hiyo inagawanywa: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji ao eneo lenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tangu 2022 nchi yetu inatoa tani za shaba zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na kobalti kuliko nchi yoyote ya dunia. Mwaka 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kuweka 15 kwa mia ya bajeti katika afya. Nyingi hazikutimiza, na yetu ni mojawapo. Basi mtu asituambie hakuna pesa. Pesa inapita barabarani kila siku juu ya malori, na vumbi lake tunalivuta sisi.

Kwa hiyo tunaunga mkono mfuko wa serikali, lakini kwa masharti matano.

Moja: pesa ya afya ikae katika mfuko wake peke yake, isichanganywe na pesa nyingine ya serikali.

Mbili: hesabu ibandikwe kila miezi 3 mbele ya lopitali na ofisi ya komini, kwa lugha tunayosoma.

Tatu: wafanyakazi, akina mama wa soko na makreseri wawe na wajumbe wao katika baraza la mfuko, wachaguliwe na wenzao.

Ine: mabosi wasiitumie asiransi hii kama njia ya kukimbia deni lao. Matunzo ambayo sheria ya kazi inatupa yasipunguzwe. Waingie katika mfuko kwa kulipa, na lopitali zao zifungue milango.

Tano: sehemu ya mali ya mgodi inayobaki katika jimbo na mji ilipe mchango wa wazee, yatima na wasio na kitu.

Wakikubali masharti haya, tuingie wote, na wenye karata ya kompani watangulie. Wakiyakataa, tutajua ya kuwa ni kodi, na tutasema hivyo waziwazi.

Mjumbe wa sindika akija kazini kwenu, msimwache apite na salamu tu. Mwulizeni sharti kwa sharti, kisha andikeni majibu yake. Na akina mama mfanye vile vile kwa diwani na kwa mbunge, kwa maana siku ya kura wanajua sana njia ya kwenu.

Tumesema.