Mama wa Kazi ya Kompyuta na Mtoto Anayenyonya

Leo tunazungumza na mama anayenyonyesha huku akifanya kazi ya kompyuta. Tunazungumza pia nawe nyanya, shangazi au yaya unayebaki na mtoto wake.

Tukitaja mama mwenye kazi hapa Njoro, wengi hufikiria mama wa shambani, mwalimu, au mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Egerton. Lakini wako pia wasichana wetu waliosomea kompyuta, ambao wameajiriwa na kampuni changa za teknolojia. Kazi ya baadhi yao ni kutengeneza ule upande wa programu ambao wewe unauona na kuugusa. Unapolipia kitu kwa simu, kuna mtu aliyeamua kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, na ukikosea namba uambiwe nini. Mtu huyo hukaa mbele ya skrini saa nane au zaidi kwa siku.

Kampuni changa huwa na wafanyakazi wachache, na mmoja hubeba mzigo wa wawili. Wenzake wakiwa California, saa tatu asubuhi yao ni saa moja au saa mbili za usiku hapa kwetu, kulingana na msimu. Kwa hiyo mkutano huanza wakati mtoto anataka kunyonya na kulala. Nyanya akimtazama humwona mtu aliyeketi tu, tena nyumbani. Husema, "Si uko hapa hapa? Mchukue mtoto." Au mtoto analia, mama hawezi kutoka mkutanoni, basi anapewa uji akiwa na miezi mitatu au minne tu.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Tumbo lake bado ni changa, na uji wa mapema humletea kuhara na kumpunguzia maziwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Ukihesabu, utaona kwamba inabaki miezi 3 mingine ambayo mama yuko kazini na mtoto bado anategemea titi. Tufanye nini katika miezi hiyo?

Kwanza, mama, jua haki yako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na mahali hapo pasiwe chooni. Inakupa pia muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, na muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi. Kama unafanyia kazi nyumbani, zungumza na mkubwa wako mapema, muda huo uandikwe kwenye ratiba ili mtu asikuwekee mkutano juu yake.

Pili, usiruke nyakati za kunyonyesha. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyotolewa. Ukikaa saa nyingi bila kunyonyesha wala kukamua, maziwa hupungua, na titi likijaa sana linaweza kuvimba na kuuma. Ukiona sehemu ya titi ni ngumu, nyekundu na yenye joto, au ukipata homa, endelea kunyonyesha na uende kituo cha afya haraka.

Tatu, jifunze kukamua na kuhifadhi. Nawa mikono kwa sabuni. Kamulia katika chombo safi chenye mdomo mpana, ukifunike, uandike saa. Kama huna friji, weka mahali penye baridi na maziwa hayo yatumike ndani ya saa 4. Kwenye friji yanakaa mpaka siku 4. Stima ikipotea na friji ikipoteza baridi, usiyahesabu tena kama ya friji.

Nyanya, hapa kazi ni yako. Usiyachemshe maziwa hayo. Weka chombo ndani ya maji ya vuguvugu mpaka baridi iishe, kisha mpe mtoto kwa kikombe kidogo safi, polepole. Yakibaki kikombeni baada ya mtoto kushiba, yamwage. Na usimtulize mtoto kwa simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazamishwe skrini kabisa. Mbebe, mwimbie, mtembeze uani.

Nne, mama, tunza mwili wako. Inua laptopu kwa vitabu mpaka sehemu ya juu ya skrini ilingane na macho, na ukiweza utumie kibodi ya pembeni ili mabega yasipande. Nyayo zikae sakafuni na mgongo uegemee kiti. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6, mti ulio nje kwa mfano, kwa sekunde 20, na upepese macho. Simama kila baada ya nusu saa. Kunywa maji kila unapohisi kiu.

Tano, na hili lisikilizwe na kila mtu. Njoro iko juu ya mita 2,000 na usiku wake ni wa baridi. Usifanye kazi wala kulala katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa. Makaa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na harufu wala rangi, na inaweza kuwaua mama na mtoto usingizini. Vaa nguo nzito, mfunike mtoto vizuri, na jiko likae nje.

Mwisho ni usingizi. Mama aliyemaliza mkutano saa nne za usiku, akaamka mara tatu kunyonyesha, hawezi kuamka alfajiri kukamua ng'ombe na kupika chai ya watu wote. Baba naye achukue zamu. Na ikiwa mama anakaa na huzuni zaidi ya wiki mbili, analia bila sababu, hapati usingizi hata mtoto akilala, au anafikiria kujidhuru, huo si uvivu wala kiburi cha masomo. Ni ugonjwa, nao hutibika. Asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitali ya Njoro au kituo kilicho karibu nanyi siku hiyo hiyo.

Leo jioni, ketini pamoja. Mama aonyeshe saa za mikutano yake ya kesho, na muamue ni nani atakayekuwa na mtoto katika kila saa. Iandikeni kwenye karatasi, muibandike jikoni.