Nani Aamue Juu ya Mafuta na Gesi ya Visiwani?

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei, Zanzibar



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, akina mama na vijana: tulipotangaza mada hii, baadhi yenu mlituuliza kama Tume ya Haki na Amani imeishiwa na kazi, hata ikajitia katika mambo ya mafuta. Mlituambia kwamba sisi Wakristo wa Visiwani tu wachache, na habari za Muungano ni kaa la moto, heri tunyamaze. Tumeupokea ushauri huo kwa heshima, lakini hatukuufuata. Uchache haumwondolei raia wajibu wake.

Nani kati yetu amelisahau giza la Desemba 2009? Waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara uliharibika, na Unguja ikakaa miezi mitatu bila umeme, hadi Machi 2010. Mwaka 2008 tulikuwa tumekwisha kuonja giza la karibu mwezi mzima. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakabeba ndoo, wenye jenereta wakanguruma nazo usiku kucha, na wasio nazo wakarudi kwenye kibatari. Tangu hapo hatuhitaji kufundishwa kwamba anayeamua juu ya nishati anaamua pia juu ya mtungi wa maji ulioko jikoni kwako.

Basi tuitazame historia. Muungano ulipoundwa mwaka 1964, Mambo ya Muungano yalikuwa 11, na mafuta na gesi hayakuwamo. Yaliongezwa mwaka 1968. Yafaa tukumbuke kwamba wakati huo Zanzibar haikuwa na chombo cha kutunga sheria chenye wajumbe waliochaguliwa na wananchi. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980. Kwa hiyo jambo zito namna hii liliondoka mikononi mwa Wazanzibari bila mwakilishi wao waliyemchagua kuulizwa neno. Hatusemi haya ili kumlaumu marehemu yeyote. Twasema ili ieleweke kwa nini Wawakilishi, mwaka 2009, walitamka kwamba mafuta na gesi yatolewe katika orodha hiyo.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Dhahabu ya Geita na tanzanite ya Mererani si Mambo ya Muungano. Kwa nini basi mafuta, ambayo Visiwani yalikuwa bado hayajachimbwa, yawe ya Muungano? Waliopinga walijibu kwamba taifa moja halina budi kuwa na sauti moja mbele ya makampuni makubwa ya nje, na kwamba anayejadiliana peke yake huuza kwa bei ya chini. Hoja hii nayo si ya kubezwa. Kampuni ya mafuta huja na mawakili wengi kuliko walio katika wizara nzima.

Kanisa halina sera ya mafuta, wala halimwambii mtu achague chama gani. Linayo, hata hivyo, kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza katika waraka wake *Quadragesimo Anno* wa mwaka 1931: lile ambalo jumuiya ndogo yaweza kulitenda vema, jumuiya kubwa isilinyakue, bali iisaidie pale inaposhindwa. Wasomaji wa Biblia watakumbuka ushauri wa Yethro kwa Musa katika Kutoka 18, kwamba asiamue kila shauri peke yake. Kwa kipimo hicho, sisi twaona kwamba Baraza la Wawakilishi lilikuwa na haki ya kudai uamuzi huu, na kwamba Serikali ya Muungano ilifanya vema kuukubali.

Lakini ulikubaliwa kwa njia gani? Hapa ndipo penye mfupa. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 iliyaondoa mafuta na gesi katika Mambo ya Muungano. Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 nayo iliyaondoa. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika. Mwezi Julai 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Petroli, pamoja na sheria nyingine mbili za sekta hiyo, kwa hati ya dharura. Sheria hiyo iliiachia Zanzibar isimamie mafuta yake kwa sheria zake yenyewe. Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya mafuta na gesi mwaka 2016, na mwaka 2018 Serikali ya Zanzibar ikatia sahihi mkataba na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah, wa kutafuta mafuta na kugawana yatakayopatikana.

Wakati huohuo, Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977, katika kipengele cha 15, bado inayataja mafuta na gesi asilia kuwa Mambo ya Muungano. Kuibadili orodha hiyo kwahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Hilo halikufanyika. Tumepewa nyumba, ndugu zangu, lakini hati bado ina jina la mwingine. Leo wakubwa wanaelewana; je, siku watakapokosana, au mwekezaji atakapokwenda mahakamani, tutaonyesha karatasi gani? Haki iliyopitishwa mlango wa nyuma yaweza kutolewa kwa mlango uleule.

Tena, uamuzi kufika Unguja sio mwisho wa safari. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na damu ikamwagika. Wao walikuwa na Bunge, walikuwa na wabunge, na bado waliona hawakuulizwa. Mvuvi wa Pemba naye aweza kuuona mji wa Unguja kuwa mbali kama Dodoma. Kanuni ya auni haiishii kwenye mlango wa Baraza.

Twakumbuka pia kwamba kwa Bara, sheria ya mwaka 2017 kuhusu mikataba ya maliasili inataka Bunge lipewe taarifa ya mikataba hiyo, na yaipa Bunge uwezo wa kuitaka Serikali ijadili upya masharti yenye hila. Funzo la Richmond na la Escrow ya Tegeta lilikuwa limekwisha kulipiwa gharama kubwa. Wawakilishi wetu wasisubiri funzo la kwao wenyewe.

Kwa hiyo twaomba kila jumuiya, kabla ya mkutano ujao, isome kipengele hicho cha 15, kisha imwulize Mwakilishi wa jimbo maswali mawili: je, ameusoma mkataba wa mwaka 2018? Na fedha zikipatikana, Baraza litazijuaje? Mwandikieni kwa adabu, na majibu yake yaletwe hapa kwa maandishi. Sasa tupokee maswali, tukianza na akina mama, maana ndio waliobeba ndoo.