Mambo ya Shamba ni Mambo ya Chama
(Hotuba kwa wanachama wa tawi la Nakuru)



Wako wanaouliza: sisi watu wa reli tuna haja gani na habari za mashamba? Jawabu ni hili. Kila asubuhi vijana kutoka Molo, Njoro na Ol Kalou husimama langoni wakitafuta kazi yoyote kwa malipo yoyote. Maadamu shamba haliwapi kitu, tajiri atatuambia, "Huutaki mshahara huu? Wako wengi nje." Shamba likiwa maskini, na sisi tunadhoofika.

Husemwa kwamba fedha hazipendi kwenda mashambani. Tazameni pareto. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kwa zao hili, na kiwanda chake kilikuwa hapa Nakuru. Baada ya mwaka 2000 wakulima walikaa muda mrefu bila kulipwa, na wengi wakaing'oa wakapanda viazi. Ardhi ilikuwa ile ile na baridi ile ile. Kilichokufa ni imani. Nani ataweka fedha zake mahali ambapo mkulima mwenyewe amekata tamaa?

Neno la pili ni maji. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit hutoka Mau ikaingia Ziwa Nakuru. Mbuga ya ziwa hilo, iliyotangazwa ya taifa mwaka 1968, huleta wageni wa kutazama ndege na vifaru, na wageni huleta kazi. Lakini mwaka 2001 serikali iliondoa sehemu kubwa ya Mau ya Mashariki katika hifadhi ya msitu. Miti ilikatwa, udongo ukateremka, na Mto Njoro hukauka huko chini wakati wa kiangazi. Mkulima na mwongoza wageni wanateka kisima kimoja.

La tatu ni njia. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mashamba makubwa yakaifuata. Lakini tawi la Gilgil hadi Nyahururu lilikaa miaka mingi bila gari la moshi kabla ya kutengenezwa tena. Viazi na maziwa havingoji tope likauke.

Basi tudai haya: mkulima alipwe kwa wakati, msitu ulindwe, matawi ya reli yafanye kazi. Na sisi wenyewe, kila mwenye shamba nyumbani achimbe mitaro ya kuzuia udongo na kupanda miti, kabla ya kununua mabati mapya.

Umoja ni nguvu.