Fungua Sanduku la Mzee

Msikilizaji wetu wa Mkula, hebu fungua sanduku la marehemu baba. Ukikuta hati ya mshahara iliyochakaa, soma sehemu ya makato. Imeandikwa LAPF, PSPF, GEPF au PPF? Usidhani mfuko huo wa hifadhi ya jamii ulikufa na hela zake. Mwaka 2018 mifuko hiyo 4 iliunganishwa ikawa PSSSF, kwa hiyo ulizia huko. Kama ni NSSF, nenda NSSF. Beba cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya mahakama kuna kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi, na hapo ndipo wengi hukwama: kikao huahirishwa mpaka pamba iuzwe, hela ipatikane! Fomu ya mafao hailipiwi. Anayekupigia simu akitaka hela ya kufuatilia, mkatie.