Maji ya Bomba Hurudi Nyuma: Wajibu wa Chama cha Msingi



Watu wengi huamini kwamba maji yakiisha kuingia katika bomba huwa na njia moja tu, yaani kutoka kwenye tangi kuu kwenda kwa mnywaji. Imani hiyo si sahihi. Bomba halijui mbele wala nyuma. Maji hufuata msukumo, na msukumo ukipungua upande wa chanzo, maji yaliyokwisha kutoka huweza kurudi ndani pamoja na chochote yaliyokutana nacho.

Jambo hili lavihusu vyama vya msingi kuliko nyumba za kawaida. Mara nyingi bomba la chama ndilo lijazalo mapipa ya kuchanganyia dawa za kahawa na pamba, au josho la ng'ombe. Na bomba hilo hilo huendelea hadi shuleni, kwenye zahanati na majumbani mwa wanachama.

Mfano utaeleza. Mtunza ghala ameweka pipa la lita 200 karibu na koki, ametia dawa ya kuua wadudu, na ameutumbukiza mpira wa maji mpaka ndani kabisa ili maji yasirukeruke. Pipa likiwa linajaa, mafundi wanafunga vali kuu kwa ajili ya matengenezo, au zamu ya mgao inakwisha. Huko bondeni mama mmoja anafungua bomba lake akinge ndoo. Maji yaliyosalia katika mabomba yanamshukia, na nyuma yake panabaki utupu. Hapo hewa inayokandamiza uso wa pipa huisukuma dawa iingie katika mpira, ipande hadi kwenye koki na kufuata mteremko. Aliyewahi kunyonya mpira ili kuhamisha mafuta kutoka kwenye pipa hadi kwenye dumu ameliona jambo hilo kwa macho yake. Nguvu ya hewa yaweza kuyapandisha maji kimo cha karibu mita 10, hivyo kuinua koki peke yake si kinga. Kuchemsha nako hakutamfaa mama yule: moto huua vijidudu, hauondoi sumu ya dawa.

Mambo ya namna hii yamekwisha kutokea. Mwaka 1969 mjini Worcester, nchini Marekani, wazimamoto walivuta maji mengi kuzima moto, na msukumo katika mabomba ya jirani ukaanguka. Katika uwanja wa chuo kimoja palikuwa na koki za kunyunyizia nyasi zilizowekwa ndani ya vishimo vyenye maji machafu. Maji hayo yalifyonzwa yakaingia katika bomba walilonywea wachezaji. Karibu timu nzima iliambukizwa homa ya ini, na michezo iliyosalia ya msimu huo ikafutwa.

Ipo na njia ya pili, nayo ni pale uchafu unapokuwa na msukumo mkubwa kuliko maji safi. Mwaka 2007 katika mji wa Nokia, nchini Ufini, bomba la maji yaliyotoka katika mtambo wa kusafishia maji taka liliunganishwa na bomba la maji ya kunywa kwa vali tu. Vali hiyo ilipofunguliwa, maji taka yaliingia mjini, na watu zaidi ya 8,000 wakaugua. Chama chenye pampu inayosukuma maji ya mto kwa kuoshea kahawa, kikiiunganisha na bomba la maji ya kunywa, kimejiwekea mtego wa namna hiyo hiyo.

Kinga iliyo bora kuliko zote haina gharama, nayo ni nafasi ya hewa. Ncha ya koki au mpira ikae juu ya ukingo wa pipa, kwa kimo kisichopungua mara mbili ya upana wa bomba, wala kisiwe chini ya milimita 25. Kwa koki ya nusu inchi, hicho ni kama upana wa vidole viwili. Maji hayawezi kufyonzwa kuvuka hewa. Vali za kuzuia maji kurudi zina manufaa yake, lakini mchanga na kutu huzikwamisha. Yafaa zikaguliwe kila mwaka, na penye sumu vali ya kawaida isitegemewe peke yake.

Kwa hiyo kila Kamati yapaswa kuhakikisha yafuatayo:

1. Mpira usitumbukizwe katika pipa la dawa, josho, wala pampu ya kupulizia. Ufungwe juu, au maji yatekwe kwa ndoo safi.

2. Bomba la mto na bomba la maji ya kunywa yasiungane popote, hata kwa vali iliyofungwa.

3. Matangi ya josho na ya kuoshea kahawa yajazwe kutoka juu, penye nafasi ya hewa.

4. Mchanganyaji asiondoke pipani huku koki ikiwa wazi.

Ikiwa kosa limekwisha kutendeka, koki ifungwe mara moja, majirani waonywe nyumba kwa nyumba wasinywe, wasipikie wala wasinyweshe mifugo, na wahusika wa maji waarifiwe ili mabomba yasafishwe na maji yapimwe. Hapa ndipo Katibu hupimwa. Ataona haya kukiri mbele ya wanachama kwamba dawa ya chama imeingia katika maji yao, na atashawishika kungoja aone kama kuna atakayeugua. Asingoje. Haya ya kusema ni ya siku moja. Mtoto akifa, Mkutano Mkuu hauna uwezo wa kumrudisha.

Chama huaminiwa mazao na fedha za wanachama, na hesabu zake hukaguliwa. Maji yao nayo ni amana. Ukaguzi wake wa kwanza ni mwepesi: Mwenyekiti aende ghalani leo, atazame ncha ya mpira iko wapi.